Makosa 9 ya Kusafisha Paa la Kitalu Nyumba Yanayokula Mavuno Yako



Dirisha la sebuleni likishika vumbi, hasara yake ni aibu mgeni akija. Paa la kitalu nyumba likishika vumbi, hasara yake ni kreti za nyanya na hoho ambazo hazitafika sokoni. Leo tuzungumzie kazi ambayo wengi tunaichukulia poa: kusafisha nailoni ya kitalu nyumba, au grinihausi kama tulivyozoea kuita.

Kiangazi kikishapamba moto, kuanzia Juni mpaka Oktoba kwa maeneo mengi ya Tanzania, barabara za vumbi zinapauka, mashamba ya jirani yanachomwa, na paa lako linageuka rangi ya udongo. Hapo ndipo mkulima anaagiza kijana achukue ufagio apande juu akasugue. Jioni paa linaonekana safi na kila mtu anafurahi. Miezi miwili baadaye limekuwa kama kioo cha bafuni, yaani mwanga unapita kwa shida na uchafu unaganda haraka kuliko zamani. Mkulima analaumu nailoni kuwa feki. Kumbe nailoni ilikuwa nzima, ilichakaa siku ile ya usafi.

Shida ni kwamba tunasafisha paa vile tulivyozoea kusafisha madirisha ya nyumbani: kitambaa kikavu, sabuni ya kutosha, jua la saa sita. Kioo cha dirisha kinavumilia mengi, nailoni haivumilii. Uchafu unaondoka kwa maji, lakini mkwaruzo hauondoki. Ukishaikwaruza umeikwaruza mpaka siku utakayoibadilisha.

Uchafu unakugharimu kiasi gani?

Nailoni mpya nzuri ya kitalu hupitisha takriban asilimia 85 hadi 90 ya mwanga wa jua. Mwanga huo ndio mmea unaoutumia kutengeneza chakula chake, na chakula hicho ndicho kinachokuwa tunda. Wakulima wa vitalu duniani wana kanuni yao ya mkononi: ukipoteza asilimia 1 ya mwanga, mazao ya matunda kama nyanya, hoho na tango hupungua kwa karibu asilimia hiyohiyo, au pungufu kidogo. Kanuni hiyo imetoka nchi za baridi ambako mwanga ni wa kubahatisha. Kwetu jua lipo tele, kwa hiyo katika siku zenye jua kali pengo halitakuwa kubwa hivyo. Lakini usisahau maeneo ya miinuko kama Lushoto na Arusha, ambako Juni na Julai mawingu yanaweza kushinda kutwa. Siku kama hizo kila kipande cha mwanga kina thamani.

Tupige hesabu ndogo. Tuseme kitalu chako kinatoa kreti 100 kwa msimu. Paa likinyima mmea asilimia 15 ya mwanga katika miezi ya mawingu, unaweza kuwa unapoteza kreti kumi na zaidi. Mbegu ni zilezile, mbolea ileile, mshahara wa kijana uleule. Zidisha kreti hizo kwa bei ya sokoni kwako uone kama usafi ni kazi ya kuahirisha.

Dalili shambani utaziona. Miche inarefuka na kuwa myembamba, pingili zinakuwa ndefu, maua yanadondoka bila kushika tunda, na nyanya zinachelewa kuiva. Tatizo ni kwamba dalili hizi zinafanana na za mambo mengine, kama naitrojeni kuzidi au joto kali. Wengi huongeza dawa na mbolea wakati tatizo liko juu ya vichwa vyao.

Ili usibahatishe, fanya jaribio la mita moja. Chagua sehemu ya chini ya paa unayoifikia ukiwa umesimama ardhini au juu ya ngazi fupi iliyoshikiliwa. Osha eneo la mita 1 kwa mita 1 kwa utaratibu nitakaoueleza chini, liache likauke. Pakua kwenye simu programu ya kupima mwanga. Siku isiyo na mawingu, ingia ndani, shika simu kioo kikiangalia juu, kama shubiri moja chini ya sehemu uliyoosha. Soma namba. Sogea mara moja kwenye sehemu chafu ya jirani, shika simu vilevile, soma tena.

Mfano: sehemu safi imesoma 60,000 na chafu imesoma 48,000. Tofauti ni 12,000. Gawanya kwa 60,000, unapata asilimia 20. Simu si kipimo cha maabara, kwa hiyo namba yenyewe isikuumize kichwa. Tunachotafuta ni tofauti kati ya hapa na pale. Ikiwa ni asilimia 10 au zaidi, usisubiri, osha. Ikiwa ni 2 au 3, achana na paa, fanya kazi nyingine.

Sasa tuje kwenye makosa yenyewe.

Kosa la 1: Kufuta vumbi likiwa kavu

Hili ndilo baba wa makosa yote. Vumbi la barabarani si unga wa ngano. Ndani yake mna punje za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko hata kioo cha dirisha, sembuse nailoni. Ukipitisha kitambaa kikavu au ufagio juu ya vumbi kavu, umetengeneza msasa. Kila unapovuta mkono, punje zinachora mistari midogo ambayo macho hayaioni siku hiyo. Mistari hiyo inatawanya mwanga, na inakuwa makazi ya vumbi jipya na mwani.

Kuna jambo la pili. Plastiki ikisuguliwa kavu inajaa umeme tuli, kama kitana kinavyovuta vipande vya karatasi baada ya kuchana nywele kavu. Kwa hiyo unaondoa vumbi la leo huku ukiita la kesho.

Kanuni ni moja, iandike mlangoni mwa kitalu: maji kwanza, kitambaa baadaye. Lowesha paa lote, subiri kama dakika kumi vumbi lilainike, mwagia tena literemke lenyewe. Mara nyingi sehemu kubwa ya uchafu inaondoka kabla hujagusa kitu.

Kosa la 2: Kusubiri mvua, au kufanya vumbi kuwa kivuli

"Mvua za vuli zikija zitaosha." Nimelisikia hili mara nyingi. Mvua kubwa inaondoa vumbi lililolala juu juu tu. Uchafu ulioshikana na moshi wa magari, masizi, chavua na mwani haung'oki kwa mvua. Manyunyu ndiyo mabaya zaidi, maana yanageuza vumbi kuwa tope, tope linakauka, linabaki madoa.

Wengine, hasa wa Pwani, Dar es Salaam na Morogoro, wanasema vumbi linawasaidia kupunguza joto. Hoja yao ina mantiki kidogo, maana joto la huko ni kweli. Lakini kivuli cha vumbi hukiamrishi. Kinakuwepo siku ya jua na siku ya mawingu, asubuhi na jioni, kizito huku na chepesi kule. Mimea ya mstari mmoja inaiva kwa nyakati tofauti. Kama unahitaji kivuli, tumia neti ya kivuli unayoweza kuifungua na kuikunja, na ongeza matundu ya hewa.

Kosa la 3: Vifaa vikali na presha kubwa

Nailoni nyingi za vitalu vyetu zina unene wa mikroni 200. Hiyo ni milimita 0.2 tu. Ukiipeleka kwenye mashine ya kuoshea magari, maji ya presha yanaweza kuitoboa, au kuichomoa pale inaposhikiliwa na waya. Tundu dogo la leo, upepo wa wiki ijayo unalifanya mlango.

Vifaa vya kuweka mbali: ufagio wa chelewa, stilwaya, dodoki kavu, brashi ngumu ya sakafuni, unga wa kusugulia masufuria. Vifaa vinavyofaa: sponji laini, mopu ya kitambaa yenye mpini mrefu, brashi laini ya kuoshea magari, blanketi jepesi kuukuu, au tisheti kuukuu za pamba. Ondoa vifungo na zipu kwanza, maana kifungo kimoja kinatosha kuchora paa zima. Suuza kifaa chako kila baada ya mita chache. Sponji iliyojaa tope ni msasa uleule wa kosa la kwanza.

Kosa la 4: Sabuni na dawa zisizofaa

Nailoni ya kitalu si sawa na nailoni ya kufunikia mahindi. Imechanganywa na kinga dhidi ya miale mikali ya jua, na kinga hiyo ndiyo inayoifanya idumu miaka 3 au 4 badala ya kuchanika baada ya miezi michache. Adui wakubwa wa kinga hiyo ni klorini na salfa.

Kwa hiyo jiki ya kufulia nguo nyeupe, ambayo ni ya klorini, usiimwage kwenye paa. Inang'arisha leo, inafupisha maisha ya nailoni kesho. Na tafadhali sana, usichanganye jiki na siki wala asidi yoyote ili "iwe kali zaidi". Mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini yenye sumu, na ndani ya kitalu kilichofungwa hatari yake inaongezeka.

Salfa inaingia kwa mlango mwingine. Wengi tunapiga salfa kwa ajili ya ubwiri unga, na baadhi ya dawa za ukungu, mfano zenye mankozebu, zina salfa ndani yake. Siwaambii muache kulinda mmea. Ninachosema ni kwamba elekeza bomba kwenye majani badala ya nailoni, na ukimaliza msimu suuza upande wa ndani kwa maji matupu. Hapo usafi unakuwa unarefusha maisha ya nailoni pia.

Petroli, thina na mafuta ya taa yasikaribie kabisa. Sabuni ya unga nayo iache: punje zisipoyeyuka zinakwaruza, na aina nyingine zimewekewa kemikali za kuondoa madoa. Kinachotosha ni sabuni laini ya maji ya kuoshea vyombo, vijiko viwili vya chakula kwenye ndoo ya lita 20. Povu jingi halimaanishi usafi. Sabuni isiyosuuzwa inaacha utando unaonata, na vumbi la jioni linakuja kukaa hapohapo.

Angalia na maji yenyewe. Visima vingi vya Dodoma na Singida vina maji magumu yenye chumvi. Yakikauka juu ya paa yanaacha madoa meupe, kama yale unayoyaona ndani ya birika la chai. Ukiwa na maji ya mvua kwenye tanki, yatunze kwa ajili ya kusuuza mwisho. Kama huna, osha kwa maji ya kisima lakini yafute kwa kitambaa laini chenye unyevu kabla hayajakauka.

Kosa la 5: Kutumia bomba la dawa ya magugu

Hili linaumiza kwa sababu mtu anakuwa na nia njema. Anachukua bomba la mgongoni, anajaza maji na sabuni, ananyunyizia paa. Bomba lilelile wiki iliyopita lilipiga dawa ya magugu kwenye mahindi. Dawa kama 2,4-D inashika kwenye mpira na vifungio vya bomba, kusuuza mara moja hakuimalizi, na nyanya ni mmea unaodhurika kwa kiasi kidogo sana. Matone yanayopenya kwenye matundu ya hewa yanatosha. Siku chache baadaye majani ya juu yanajikunja na kurefuka kama vidole, mkulima anadhani ni virusi, anaanza kung'oa miche.

Kuwa na bomba la magugu peke yake, lipake rangi nyekundu, lisiingie kitaluni kwa kazi yoyote ile. Kwa paa tumia mpira wa maji au bomba jipya la usafi.

Kosa la 6: Kuosha saa sita mchana

Jua likiwa kali, maji na sabuni vinakauka kabla hujasuuza, na unabaki na michirizi. Nailoni yenye joto pia inakuwa laini, ukiikandamiza inavutika na kulegea. Ikilegea inatengeneza bonde, bonde linashika maji ya mvua, maji yanaishusha zaidi. Na huko ndani kijana wako anakaangika.

Muda mzuri ni alfajiri mpaka saa tatu asubuhi. Umande wa usiku umeshalainisha vumbi, umepata msaada wa bure. Tena utakuwa na mchana mzima wa kukausha majani na udongo kabla ya usiku. Ukiosha jioni, unyevu unalala kitaluni, na bakajani na ukungu wa kijivu wanaupenda sana usiku wa namna hiyo. Siku ya upepo mkali, ahirisha.

Kosa la 7: Kuacha gata limeunganishwa na tanki

Vijana wengi mmefanya jambo zuri, mmeweka gata pembeni mwa kitalu na kuvuna maji ya mvua kwenye simtanki. Sasa siku ya kuosha, gata lilelile linapeleka kwenye tanki tope, sabuni, mavi ya ndege na mabaki ya dawa zilizopeperuka. Tope linakwenda kuziba matundu ya mipira ya matone. Kama familia inachota maji hapo, ni hatari zaidi.

Kabla hujafungua koki, chomoa bomba linaloingia tankini na uelekeze maji nje, mbali na kisima na mbali na matuta. Ukimaliza, safisha gata lenyewe, kisha acha mvua ya kwanza ipite nje kabla ya kurudisha bomba.

Kosa la 8: Kupanda juu ya paa

Mabomba ya kitalu yametengenezwa kubeba nailoni, nyanya zilizofungwa kamba na msukumo wa upepo. Hayakutengenezwa kubeba mtu wa kilo 70 mwenye ndoo. Nailoni yenye sabuni inateleza kuliko sakafu ya bafuni. Mtu akianguka hapo, hesabu ya kreti tuliyoipiga juu haina maana tena.

Hakuna sababu ya kupanda. Kuna njia ya kamba, watu wawili, wote miguu iko chini. Chukua kamba laini ndefu, katikati funga blanketi kuukuu lililolowa maji ya sabuni. Rusha upande mmoja wa kamba juu ya paa ukiwa umeifunga chupa ndogo ya plastiki yenye maji kidogo, usitumie jiwe. Mmoja anasimama upande huu, mwingine upande ule. Mnavuta taratibu kwa zamu, huku mtu wa tatu akimwagia maji. Mkimaliza upana wa blanketi, mnasogea hatua moja.

Kitalu chenye tundu la hewa la juu lenye neti, njia ya kamba haifai, itachana neti. Hapo tumia mopu laini yenye mpini mrefu, kila upande peke yake. Ukilazimika kutumia ngazi, isimame ardhini penye udongo mgumu, isiegemee nailoni, na mtu mwingine aishike muda wote.

Kosa la 9: Kusahau upande wa ndani na neti

Paa linaweza kung'aa nje huku ndani kuna mwani wa kijani na mabaki ya dawa. Upande wa ndani osha wakati kitalu ni kitupu, kati ya msimu na msimu. Ukiosha mmea ukiwepo, maji machafu yote yanashukia majani. Vaa glovu, miwani na barakoa, maana utando ule una mabaki ya dawa ulizopiga miezi yote. Nailoni zenye kinga ya kuzuia matone usizisugue kwa sabuni upande wa ndani, kwani unaiondoa kinga hiyo. Maji matupu na sponji laini vinatosha.

Kisha kuna neti za pembeni. Neti ya kuzuia inzi weupe ina matundu madogo sana, na vumbi linayaziba. Hewa ikikosa njia, joto linapanda, na ndani likikaribia nyuzi 35 chavua ya nyanya inaanza kushindwa kazi. Maua yanadondoka. Mkulima anatafuta dawa ya kuzuia maua kudondoka, wakati alichohitaji ni mpira wa maji.

Neti zioshe ukiwa ndani, ukielekeza maji nje kwa nguvu ya kawaida, ili vumbi litoke kule lilikotoka. Ukifanya kinyume unaliingiza kitaluni. Usifungue neti kuitikisa wakati mmea upo, maana kantangaze hasubiri mwaliko. Na ukiwa hapo, kagua. Tundu lolote lishone au liwekee kiraka siku hiyohiyo.

Utaratibu wote kwa ufupi

1. Siku moja kabla: angalia hali ya hewa, kagua matundu ya nailoni, yazibe kwa utepe maalumu wa kitalu ili maji yasiingie. Hakikisha muda wa kurudi kitaluni ulioandikwa kwenye lebo ya dawa uliyopiga mwisho umepita.
2. Alfajiri: chomoa bomba la tanki. Funga matundu ya juu kama yanafungika.
3. Lowesha paa lote kwa maji matupu, kuanzia juu kushuka chini. Subiri dakika kumi, mwagia tena.
4. Pitisha blanketi au mopu yenye maji ya sabuni laini, bila kukandamiza. Suuza kifaa mara kwa mara.
5. Suuza kila sehemu kabla haijakauka, usisubiri umalize paa zima. Mwisho tumia maji ya mvua ukiweza.
6. Osha neti, safisha gata.
7. Fungua matundu yote ya hewa mpaka majani na udongo vikauke.
8. Rudia kipimo cha simu, andika tarehe na namba kwenye daftari la shamba.

Daftari hilo ndilo litakalokuambia uoshe mara ngapi. Aliye kando ya barabara ya vumbi anaweza kuhitaji kila baada ya wiki sita hadi nane kiangazi. Aliye katikati ya migomba na nyasi, mara mbili kwa mwaka zinamtosha. Usioshe kwa kuiga jirani, kila mguso wa nailoni una gharama yake.

Na kuna siku daftari litakuambia acha kuosha. Umeosha vizuri, umepima, na sehemu iliyooshwa bado iko mbali na kipimo cha nje, nailoni imekuwa ya njano na inapasuka ukiikunja. Hiyo imemaliza kazi yake. Fedha ya sabuni na vibarua ielekeze kwenye nailoni mpya, ukianza nayo utaratibu huu tangu mwaka wa kwanza.

Neno kwa wenye pampu za sola

Paneli ya sola ni kioo, na makosa ni yaleyale, na mawili ya ziada. La kwanza ni kumwagia maji baridi paneli iliyochemka mchana, kioo kinaweza kupasuka. Osha alfajiri. La pili ni kudhani ukizima pampu paneli nayo imezimika. Jua likiiwakia, paneli inazalisha umeme muda wote. Yenye ufa au waya uliochubuka usiimwagie maji, mwite fundi. Mavi ya ndege yalainishe kwa maji, usiyakwangue kwa kisu. Doa moja dogo linaweza kushusha nguvu ya mstari mzima wa paneli, na pampu ikavuta maji kidogo bila wewe kujua kwa nini.

Kesho asubuhi kabla ya kitu chochote, fanya jaribio la mita moja. Ni ndoo moja ya maji, sponji na simu uliyonayo mfukoni. Ukiona tofauti ni kubwa, pangeni siku ya usafi wiki hii, mkiwa watu watatu, wote miguu chini. Ukikwama, mwite afisa ugani wa kata yako aje mpime pamoja, ndiyo kazi yetu.

Kazi njema.